Historia ya Fundo: Kutoka Matamvua ya Nguo hadi Kamba ya Kuruka

Mfumi anapomaliza nguo yake na kuikata kutoka katika kitanda cha mfumi, huachiwa nchani nyuzi za mtande ambazo mshindio haukuzifikia, nazo nyuzi hizo, zisipopata wa kuzizuia, huanza kuachana uzi baada ya uzi, hata nguo iliyomgharimu mwenyewe siku nyingi za kuinama ikafumuka kwa muda mfupi mno. Haja hiyo ndogo ndiyo iliyouzaa ufundi unaoitwa makrame: kuzikusanya nyuzi zilizobaki, kuzigawa mafungu mafungu, na kuzifunga fundo chini ya fundo mpaka ukingo wa nguo uwe imara, na ukiisha kuwa imara uwe mzuri. Ningependa msomaji aushike utaratibu huo tangu mwanzo, kwa kuwa wengi wetu tukiona matamvua ya shali au ya kilemba hudhani kwamba yaliwekwa hapo kwa urembo tu, ilhali kazi ndiyo iliyotangulia na pambo likafuata. Ninayokusudia kusimulia ni habari za fundo hilo, jinsi lilivyotoka kazini likaenda kukaa katika mapambo ya meza na madirisha, na jinsi lilivyorejea kazini kwa njia ambayo mfumi wa zamani hakuitazamia, yaani katika kamba ya watoto ya kuruka.

Matamvua yenyewe ni ya kale sana. Katika mawe yaliyochongwa huko Nimrud, mji wa wafalme wa Ashuru, zama za Ashurnasirpal wa Pili katika karne ya 9 kabla ya Masihi, ambayo mengi yake sasa yamo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, mfalme na watumishi wake wamevaa nguo zenye matamvua marefu yaliyopangwa safu kwa safu, na mchongaji ameyaona yastahili kuchongwa uzi kwa uzi, kwa uangalifu ule ule alioutumia katika ndevu za mfalme. Lakini waliolikuza fundo hata likawa sanaa yenye kanuni zake ni wafumaji wa nchi za Kiarabu katika karne za kati, ambao katika taulo, shali na mitandio waliyoiuza masokoni hawakuridhika na fundo moja la kuzuia, bali walizipisha nyuzi kushoto na kulia zikafanya vyumba, miraba na nyota. Waislamu walikuwa wamevuka kuingia Andalusia mwaka 711, wakakaa huko karne nyingi, na katika mambo mengi waliyowarithisha watu wa Hispania na wa Italia, baada ya elimu ya maji ya mashamba na elimu ya nyota, imo na kazi hii ya ncha za nguo. Sisi wa pwani hatukuwa mbali na mkondo huo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa mle mjini zikipelekwa hata Misri. Na Wareno wa karne ya 16 waliandika habari za nguo za hariri za Pate. Na hadi leo mtu akinunua kikoi hukitazama kwanza matamvua yake, kama yamesokotwa vema na kufungwa, kabla ya kuuliza bei.

Huko Italia fundo lilipata makao yake katika pwani ya Liguria, hasa Genoa na mji mdogo wa Chiavari, ambako taulo za kitani zilifumwa zikaachwa na nyuzi ndefu, na wanawake wakakaa vizingitini mwa nyumba zao wakizifunga. Kwa kadiri miaka ilivyopita, hata hivyo, elimu hiyo ilipungua. Mafundo magumu yalisahauliwa, yakabaki mawili matatu yaliyofundishwa katika shule na nyumba za watawa, na vipande vilivyofanywa vikawa vifupi na vya namna moja. Na hapa ndipo linapoingia jambo ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko yote katika historia hii.

Katika Genoa palikuwa na nyumba kubwa ya maskini, Albergo dei Poveri, iliyoanzishwa mwaka 1656. Kamusi ya kazi za sindano iliyotungwa na Sophia Caulfeild na Blanche Saward, ikatolewa London mwaka 1882, yasimulia kwamba mnamo mwaka 1843 bibi mmoja mwenye cheo, Baroness d'Asti, alileta katika nyumba ile kipande kikuukuu cha kazi ya mafundo alichokipata Rumi, kazi ambayo hapakuwa tena na mtu aliyejua namna ilivyofanywa. Na kwamba msichana mmoja wa mle ndani, Marie Picchetti, alikuwa na subira ya kukifumua kipande kile mpaka akagundua jinsi mafundo yalivyofungwa. Kutoka mikononi mwake, kwa mujibu wa kamusi hiyo, ndipo kazi zile nzuri zilipoanza kufanywa upya.

Sharti tusimame kidogo tuyapime aliyoyafanya binti huyo, maana ni rahisi kuyasoma kwa mstari mmoja na kuyapita. Kazi ya mafundo haifumuliwi kutoka kati. Fundo la juu limebanwa na la chini yake, na la chini limebanwa na lile lililofuata, kwa hiyo mwenye kufumua hana budi aanzie pale fundi alipomalizia, akirudi nyuma hatua kwa hatua katika njia ambayo fundi aliijia. Kila fundo analolifungua linatoweka. Hawezi kulitazama tena, wala hana lingine la kulinganisha isipokuwa lile lililo jirani yake. Akiwa hakuliweka moyoni, limekwisha. Uzi wa kitani uliokaa miaka mingi ndani ya fundo hubaki na makunyanzi yake, nayo makunyanzi hayo humwonyesha mwenye macho makini upande gani uzi ulipita juu na upande gani ulipita chini, na bila shaka vidole vya binti yule vilijifunza kusoma dalili hizo. Basi aliharibu ili ajue. Nasema hivi kwa taadhima, kwa sababu ufundi mwingi wa mababu ulipotea pamoja na waliokuwa wakiujua, lakini fundo ni hati inayojiandika yenyewe katika uzi, na aliye na subira aweza kuisoma hata kama mwandishi wake amekufa zamani, wala hahitaji kujua lugha yake.

Baada ya hapo fundo liliingia katika nyumba za watu wa tabaka la kati. Katika miaka ya 1880 wanawake wa Uingereza walishikwa na shauku kubwa ya makrame, vitabu vya mafunzo vikachapishwa, na Thérèse de Dillmont, katika kitabu chake kikubwa cha kazi za mkono cha mwaka 1886, akalitengea sura nzima. Walipamba vitambaa vya meza, mapazia, pindo za rafu, hata miavuli. Kazi hizo nyingi ni nzuri, wala simlaumu aliyezifanya. Lakini fundo lilikuwa halibebi tena kitu chochote, na kitu kilichozaliwa kwa kuzuia kikiisha kuondolewa katika kuzuia, hupungua nguvu ya maana yake, hata kama uzuri wake waongezeka.

Waliolishika fundo likiwa bado na kazi ni mabaharia. Katika majahazi ya kila taifa uhai wa watu ulining'inia katika fundo, la jarari, la tanga, la nanga, na baharia asiyejua kufunga hakustahili posho yake. Lakini safari ni ndefu, na pepo hukatika, na baharia wa karne ya 19, hasa katika meli za kuvua nyangumi ambazo zilikaa baharini miaka, alikuwa na saa nyingi zisizo na amri wala shughuli, na mbele yake vipande vya kamba kuukuu visivyo na thamani kwa mtu yeyote. Kwa vipande hivyo alifuma vishikio vya sanduku lake, kigwe cha kisu chake, mkanda, na ile kamba ya kengele ya meli ambayo mabaharia waliipamba kuliko kitu kingine. Mmarekani Clifford Ashley, mtu wa New Bedford, ambaye mwaka 1904 alisafiri mwenyewe katika meli ya nyangumi, alitumia miaka mingi kuwauliza mabaharia, wachinjaji na washonaji, na mwaka 1944 akatoa kitabu chenye maingizo zaidi ya 3,800 ya mafundo. Namsifu Ashley kwa jambo moja zaidi ya wingi huo: kila fundo alilieleza pamoja na kazi yake, nani hulitumia, na kwa ajili ya kuzuia nini.

Na sisi tunao mabaharia wetu. Mtepe wa Lamu ulikuwa chombo kisicho na msumari hata mmoja. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na kamba hizo zilitoka mikononi mwa wanawake. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani na Makunduchi, wanawake huyafukia makumbi ya nazi katika mchanga wa ufuo unaofunikwa na maji kujaa, wakayawekea mawe yasichukuliwe, wakayaacha miezi kadhaa mpaka nyama yake ioze, kisha huyafukua, wakayaponda kwa magongo, wakaukausha usumba juani, na kuusokota baina ya viganja viwili, ugwe baada ya ugwe. Ni kazi yenye harufu kali, na malipo yake tangu zamani ni haba kuliko jasho lake. Kisha, upande wa bara, likaja zao jingine la kamba: mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hali ingali hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyoijaza Tanga na Morogoro, hata mwaka 1964 nchi ikatoa tani zipatazo 230,000 za katani, kabla nyuzi za plastiki hazijaishusha bei yake duniani.

Sasa tuifikie kamba ya kuruka. Watu huipa nasaba nyingi ambazo hazina ithibati, nami nitataja ile iliyo na ushahidi. Mwingereza Joseph Strutt, katika kitabu chake cha mwaka 1801 kuhusu michezo ya watu wa nchi yake, aliandika kwamba kuruka kamba ni mchezo ambao yaelekea ni wa kale sana, na kwamba wavulana hushindana nani ataruka zaidi, na tena kwamba katika msimu wa kuvuna hopi, yaani mmea utiao uchungu katika bia, shina lake refu hukwanyuliwa majani likatumiwa badala ya kamba. Tazama basi: mchezo tunaouhesabu leo kuwa wa wasichana, zama zile ulikuwa wa wavulana, na kamba yake mara nyingine ilikuwa mmea wa shambani. Katika karne ya 19, miji ilipokua na njia zake zikatandikwa mawe laini, wasichana waliuchukua mchezo wakautilia nyimbo na hesabu, na tangu hapo wakawa ndio wenyewe. Karibu kila mahali kamba ilikuwa ile ile iliyokuwamo nyumbani kwa kazi nyingine: ya kuanikia nguo, ya kufungia mizigo, ya kutekea maji. Hapa kwetu, wawili hushika ncha za kamba ya katani au ya makumbi wakaizungusha, wa tatu akaingia kati kwa kuviziavizia. Katika New York wasichana wa mitaa ya Weusi walizungusha kamba mbili za kuanikia nguo kwa pamoja, moja ikija na moja ikienda, mchezo uitwao Double Dutch. Na askari wapelelezi wawili, David Walker na Ulysses Williams, walipouona mwaka 1973 wakautungia sheria za mashindano, na tarehe 14 Februari 1974 watoto karibu 600 wakashindana mara ya kwanza.

Ni katika miaka hiyo hiyo, ya 1960 na 1970, ambapo makrame ilifufuka mara nyingine huko Marekani na Ulaya, na vijana wakaanza kufunga mikanda, mikoba na vikapu vya kuning'inizia vyungu vya maua. Lakini aliyelikabidhi fundo kwa watoto alikuwa ametangulia. Huyo ni Valentina Cavandoli wa Turin, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliongoza nyumba ya watoto iitwayo Casa del Sole, akawafundisha kufunga mafundo yaliyobanana ya nyuzi za rangi mbili, moja ikifanya uwanja na nyingine ikichora picha. Na namna hiyo ya kufunga hadi leo hutajwa kwa jina lake. Alijua alilolifanya. Mtoto aliyepewa uzi na fundo la kurudiarudia hutulia, na kwa kutulia hujifunza hesabu bila kuambiwa kwamba anahesabu.

Mtu akitaka kufunga kamba ya kuruka kwa makrame, na ajue kwamba anaingia katika kazi ngumu kuliko ya kufunga pambo. Achague kigwe cha pamba, maana katani huchoma viganja na makumbi huwasha miguu ikipiga. Kiwe na unene wa milimita 4 au 5, kisiwe cha kuteleza. Kipimo cha kamba ni mwili wa atakayeiruka: hukanyaga kati ya kamba kwa mguu mmoja, akavuta ncha mbili juu, nazo zikifika kwapani zatosha. Vigwe viwili vya kati, ambavyo kazi yake ni kubeba, huwa na urefu huo na ziada kidogo ya kuingia katika mipini. Lakini vigwe viwili vya pembeni, vinavyofunga, huliwa na mafundo, hivyo kila kimoja sharti kiwe mara nne au tano ya kamba itakayotoka, na kwa mtoto aliye na kamba ya mita 2 ni mita 8 hadi 10. Urefu huo ukiachwa huru hujisokota wenyewe mpaka mtu akate tamaa, kwa hiyo kila kigwe hukunjwa kiwe kidonge kidogo kikafungwa, kikawa kinafunguliwa kidogo kidogo.

Kigwe cha kushoto hupitishwa juu ya vile viwili vya kati, kikaacha kitanzi ubavuni; cha kulia hushuka juu ya ncha ya kile cha kushoto, kikapita chini ya vya kati, kikaibuka ndani ya kitanzi; kisha vyote viwili huvutwa kwa nguvu sawa. Hilo ni nusu ya fundo. Mtengeneza mikanda angeligeuza mara ya pili, akaanzia kulia, apate fundo kamili lililo bapa. Mtengeneza kamba ya kuruka asifanye hivyo, kwa sababu utepe bapa hushika upepo na kupindukapinduka hewani. Na arudie upande ule ule wa kushoto, nusu baada ya nusu, mpaka aone jambo ambalo humpendeza kila anayeliona mara ya kwanza, yaani kazi yenyewe kuanza kujizungusha pasipo kuzungushwa, mafundo yakipanda kwa duara kuuzunguka moyo wa kamba. Mzunguko ukifika nyuma, vigwe hubadilishana mikono na kazi huendelea. Kitokacho ni kamba ya mviringo, nzito kuliko ya duka, ambayo huzunguka polepole, na kwa sababu hiyo humfaa anayejifunza.

Ugumu u katika mkono. Katika pambo la ukutani fundo lililolegea hujificha kati ya mengine, na mgeni akalisifu. Lakini kamba ya kuruka hupigwa chini mara kwa mara, na pale lilipolegea fundo moja, mapigo hulisukuma jirani, nalo likamsukuma jirani yake, mpaka panafanyika nundu upande huu na uchi upande ule, na kamba ikaanza kurukaruka yenyewe badala ya kufuata duara. Tena mipini, iliyo ya mti uliotobolewa kati, isiikaze kamba. Vigwe vipite tunduni na kuzuiwa kwa fundo la kichwa kwa nje, ili kamba izunguke ndani ya mpini bila kujisokota. Fundo hilo la kichwa ni lile lile la mabaharia, la kuzuia ncha isitoke.

Kamba hiyo haitadumu milele, kwa kuwa kati yake, panapogusa ardhi, pamba huchakaa upesi kuliko mahali pengine, na ikilowa hukaa na maji na kuwa nzito. Lakini kigwe cha pembeni kikikatika, kamba nzima haifumuki kwa mara moja, maana kila nusu ya fundo imeuma moyo wa kamba kwa nguvu zake yenyewe. Aliyeifunga hufungua mafundo machache pande zote za mkatiko mpaka apate ncha ya kutosha, akalaza kigwe kipya pamoja na vile vya kati, akaanza tena kufunga kutokea kushoto. Na mtoto aliyemshikia ncha huku akimtazama anafungua na kufunga, kamba inayofuata ataweza kuifunga mwenyewe.